Mita Tatu Zisizolipiwa

Fundi rangi akianguka kutoka kwenye ngazi, maswali ya waliomzunguka huwa ni yale yale. Alikuwa amechoka? Alikunywa? Kwa nini hakumwita mtu amshikie? Mbona alijinyoosha kiasi kile badala ya kushuka na kuisogeza ngazi? Maswali yote yanamhusu yeye, na yote yanahusu dakika ile ya mwisho. Hakuna anayeuliza walipatana bei gani, wala kama ndani ya bei hiyo ilikuwemo shilingi yoyote ya kumfikisha juu na kumweka huko salama. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba tukitaka kuelewa kwa nini mafundi rangi wanavunjika, tuanze na siku ya kupatana. Siku hiyo mwenye nyumba au mkandarasi huhesabu ndoo za rangi, msasa, rola, nailoni ya kufunika sakafu na siku za kazi, halafu urefu wa ukuta unaachwa kana kwamba hauna gharama. Gharama unayo, na isipolipwa kwa fedha hulipwa na kisigino, kiuno au fuvu la aliyekubali kazi.

Ngazi ni chombo cha kupandia na kushukia. Mtu anayekwenda kwenye paa kuangalia bati linalovuja huitumia kwa sekunde chache, mikono miwili ikiwa imeshika, mwili ukiwa katikati ya miti ya pembeni. Fundi rangi huambiwa afanye kitu kingine kabisa: aigeuze ngazi kuwa sakafu, asimame juu yake saa baada ya saa, afanye kazi ya mikono miwili. Kanuni inayofundishwa karibu kila mahali inataka sehemu tatu za mwili ziwe zimegusa ngazi muda wote, ama miguu miwili na mkono mmoja, ama mikono miwili na mguu mmoja. Fundi ana brashi mkono wa kulia na kopo mkono wa kushoto. Kopo la lita 4 lililojaa rangi ya maji lina uzito wa kilo 5 au zaidi. Hata akilining'iniza kwa ndoano kwenye kipago, mkono ulioachwa huru utaitwa na kazi nyingine: kufuta tone, kukunja msasa, kujiegemeza ukutani. Anapopiga msasa au kukwangua rangi ya zamani, kila anavyosukuma ukuta ndivyo ukuta unavyomsukuma yeye kwenda nyuma. Anapokata kona ya dari, shingo iko nyuma, macho yako juu, na miguu haioni ilipokanyaga. Kwa hiyo kanuni ya sehemu tatu, ambayo ni nzuri kwa mpandaji, kwa mpaka rangi inakuwa amri isiyotekelezeka, na amri isiyotekelezeka hufanya kazi moja tu: kumpata wa kulaumiwa baadaye.

Sasa tuhesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoonyesha ajali inapozaliwa. Chukua ukuta mmoja wa nje wenye mita 12 kutoka kona hadi kona. Kutoka ngazini, fundi ambaye kiuno chake hakitoki nje ya miti ya pembeni hufikia takriban mita moja ya ukuta. Kisha inabidi ashuke, asogeze ngazi, aangalie miguu ya ngazi imekaa vipi, apande tena. Hizo ni mara 12 kwa kuumaliza ukuta mara moja. Lakini ukuta hupigwa msasa, hupakwa praima, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe, na hapo tumefika mara 48. Kila kusogeza kukichukua dakika mbili, ukuta mmoja unakula dakika 96, na nyumba yenye kuta nne za namna hiyo inakula saa 6 na dakika 24. Ni siku nzima ya kazi ambayo ndani yake hakuna tone la rangi lililofika ukutani. Fundi anayelipwa kwa siku anaweza kuidai siku hiyo. Fundi aliyechukua kazi kwa jumla, kama wengi wanavyochukua, anaitoa mfukoni mwake. Akijinyoosha sentimita 20 zaidi kila apandapo, mara 12 zinakuwa 10, na sehemu ya siku yake inarudi. Tunachokiita uzembe, yaani kujinyoosha, kusukuma ngazi ukiwa juu yake, kusimama kwenye kipago cha mwisho, mara nyingi ni fundi anayejirudishia muda ambao bei ilimnyima. Anafanya hesabu sahihi ndani ya mapatano mabaya.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, nalo ni jinsi ngazi ya kuegemeza inavyomdanganya mtu. Ngazi haiporomoki kwa sababu ni fupi au ndefu. Mguu wake huteleza pale nguvu inayousukuma nje inapozidi msuguano wa sakafu. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu ukae mita 1 kutoka ukutani, ambao ni mwinamo wa takriban nyuzi 75. Katika mwinamo huo, mtu aliyefika karibu na ncha ya juu husukuma mguu wa ngazi kwa nguvu ya kiasi cha robo ya uzito wake. Ngazi ikilazwa hadi nyuzi 60, nguvu hiyo inazidi nusu ya uzito. Kwa fundi ambaye pamoja na kopo lake ana kilo 80, tofauti ni kati ya kilo 21 na kilo 46 zinazovuta mguu kwenda nje. Jambo baya zaidi ni kwamba nguvu hiyo hukua kadiri mtu anavyopanda. Akiwa katikati ya ngazi inakuwa karibu nusu tu ya ile ya juu kabisa. Hivyo ngazi iliyotulia kimya kwenye kipago cha tatu, ikampa fundi moyo wa kuendelea, inaweza kuchomoka kwenye cha kumi bila onyo lolote. Fundi aliijaribu kwa uaminifu, lakini alichojaribu ni chini, na hatari ilikuwa juu. Ongeza hapo kwamba mpaka rangi hufanya kazi juu ya vigae, juu ya saruji iliyolainishwa, juu ya unga wa msasa uliotapakaa sakafuni, na juu ya nailoni aliyoitandika kwa amri ya mwenye nyumba ili vigae visichafuke. Nailoni ile inayookoa sakafu ndiyo inayoondoa msuguano chini ya mguu wa ngazi.

Watu husema mita tatu si kitu. Anayeanguka mita 3 hufika chini katika muda usiotimia sekunde moja, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa, na hata mita 2 zinatosha kumfikisha kwenye kilomita 22. Huo ni mwendo wa bodaboda mtaani, isipokuwa hapa mwili ndio unaogonga, na unagonga zege. Anayetua kwa miguu huvunja mfupa wa kisigino, na madaktari wa mifupa wakiona kisigino cha namna hiyo huangalia pia pingili za kiunoni, kwa kuwa pigo hupanda kupitia miguu hadi kwenye uti wa mgongo. Anayejikinga kwa mkono huvunja kifundo. Anayeanguka chali ndiye tunayempoteza. Watafiti waliopitia kumbukumbu za majeraha ya uti wa mgongo Kaskazini Mashariki mwa Tanzania walikuta kuanguka kukiongoza, mbele ya ajali za barabarani. Hesabu hiyo inajumuisha kila aina ya kuanguka, si ya ujenzi peke yake, lakini inatosha kutuondolea dhana kwamba barabara tu ndiyo inayopoozesha watu. Uingereza walikuwa na kanuni za ujenzi za mwaka 1996 zilizoweka mita 2 kama mstari wa kuanzia ulinzi fulani. Kanuni za Kazi za Juu za mwaka 2005 ziliufuta mstari huo, zikasema urefu wowote unaoweza kumjeruhi mtu ni urefu. Tangu hapo ngazi inaruhusiwa kwa kazi fupi yenye hatari ndogo tu, na mwongozo wa mamlaka yao unashauri kwamba kazi itakayomweka mtu ngazini zaidi ya dakika 30 kwa mfululizo itafutiwe chombo kingine. Ukiitazama kazi ya rangi kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya yale yanayofanyika kwenye saiti zetu yasingetakiwa kufanywa ngazini.

Takwimu zilizo wazi zaidi kuhusu ngazi kazini zinatoka Marekani, na ninazitumia kwa sababu zinagawanya waathirika kwa aina ya ajira, jambo linalogusa hoja yangu moja kwa moja. Mwaka 2011 wafanyakazi 113 walikufa huko kwa kuanguka kutoka kwenye ngazi, na wengine wanaokadiriwa kuwa 34,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura. Kati ya wafanyakazi wa ujenzi waliofikishwa katika vyumba hivyo kwa kuanguka, makadirio ni kwamba asilimia 81 walihusika na ngazi. Lakini angalia ni nani waliokufa zaidi. Viwango vya vifo vilikuwa vikubwa kwa waliojiajiri na kwa wafanyakazi wa kampuni ndogo kabisa. Mvutano wa dunia unawavuta wote sawa, wa kampuni kubwa na wa kampuni ndogo. Kinachotofautiana ni uwezo wa kuingiza jukwaa kwenye bei na bado kupata kazi. Kampuni kubwa hukodi jukwaa la mabomba na kuliweka kwenye ankara. Fundi anayejitegemea akifanya hivyo anaogopa mteja atampigia simu mwingine.

Pingamizi la kwanza ni kwamba tatizo ni mafundi wasio na uzoefu, na kwamba mafunzo yatalimaliza. Mafunzo yana thamani, na ile kanuni ya nne kwa moja ingestahili kujulikana na kila kijana anayeshika brashi. Ila takwimu zile zile za Marekani zinaonyesha viwango vya kuumia vikipanda pamoja na umri. Mifupa ya mzee huvunjika upesi, hilo ni kweli na ni sehemu ya maelezo, lakini kama ujuzi peke yake ungetosha tungetarajia wenye miaka thelathini kazini wawe ndio wenye kinga kubwa. Uzoefu wenyewe una sumu yake. Fundi aliyejinyoosha mara elfu bila kuanguka amepata ushahidi wa mara elfu kwamba kujinyoosha hakudhuru, na ushahidi huo hautanguliwi na semina ya nusu siku.

La pili ni msemo tulioukuta kwa wazee, kwamba ajali haina kinga. Simdharau anayeutamka akiwa amesimama kando ya kitanda cha hospitali, kwani pale unafanya kazi ya kumtuliza aliyeumia na kumwondolea majuto. Tatizo ni unapohamishwa kutoka hospitalini na kupelekwa saiti kabla ya kazi kuanza. Jambo linaloweza kuhesabiwa kabla halijatokea, kwa mwinamo, kwa uzito na kwa idadi ya mara ngazi itakazosogezwa, halina usiri wa kudra. Anayeamini kwamba siku za mtu zimeandikwa bado hufunga mlango usiku, na hakuna anayemwona amepungukiwa imani.

Wengine hutaja kofia ngumu na mkanda wa usalama, na ukaguzi mwingi huishia hapo. Kofia inasaidia. Mkanda unahitaji mahali pa kufungwa panapoweza kubeba mtu anayeanguka, na nyumba ya kawaida inayopakwa rangi haina mahali hapo. Kuufunga kwenye ngazi yenyewe ni kumfunga mtu kwenye kitu kinachoanguka naye.

Pingamizi zito ni la nne, nalo ni la fedha. Jukwaa ni ghali, mteja hana, na fundi atakayelidai atakosa kazi. Nalichukua kwa uzito kwa sababu ni kweli kwa jinsi soko lilivyo. Lakini lina dhana mbili zinazohitaji kupimwa. Ya kwanza ni kwamba njia ziko mbili tu, ngazi au jukwaa la chuma la kukodi. Sivyo. Sehemu kubwa ya ukuta wa nyumba ya chini inapakwa na mtu aliyesimama ardhini kwa rola yenye mpini mrefu, na bei ya mpini huo haifiki bei ya ndoo moja ya rangi nzuri. Kinachobaki juu ni ukingo wa dari, kona na mapambo, na kwa hayo zinatosha mbao imara juu ya farasi wawili wa mbao, ambapo fundi anatembea mita tatu au nne bila kushuka. Kwa ghorofa, mirunda iliyofungwa vizuri, yenye ubao wa kukanyagia mpana na kizuizi cha kiunoni, imehudumia ujenzi wetu kwa vizazi. Dhana ya pili ni kwamba ngazi ni rahisi. Tumekwisha kuona kwamba inakula siku nzima katika nyumba moja kwa kusogezwa tu. Jukwaa la kutembea linairudisha siku hiyo, na rangi inayopakwa na mtu aliyesimama imara haina mistari ya kuungia kila mita moja. Sidai kwamba akiba hiyo italipa jukwaa lote kila mara. Nadai kwamba anayesema jukwaa ni ghali ameandika upande mmoja wa hesabu, na upande wa pili amemwachia fundi aubebe.

Ubebaji huo sheria zetu zinaugusa kwa sehemu tu. Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, hulipia matibabu na ulemavu wa aliyeumia kazini kwa michango ya waajiri. Kenya, sheria ya fidia ya mwaka 2007 inafikia malipo ya mshahara wa miezi 96 kwa aliyepata ulemavu kamili wa kudumu. Ni hatua kubwa. Ila zote zinaanzia kwa mwajiriwa, na fundi rangi wa kawaida ameitwa kwa simu na mkandarasi mdogo aliyeitwa na mkandarasi mwingine, kwa maneno ya mdomo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 nchini Tanzania inaruhusu uhusiano wa ajira utambuliwe kwa kutazama hali halisi, na mojawapo ya alama ni kwamba mtu amepewa vifaa vya kazi na yule anayemtumikia. Ni kifungu chenye nia njema kwa mfanyakazi, lakini ukikitazama kutoka upande wa mkandarasi anayekwepa wajibu, kinamshauri asitoe ngazi wala jukwaa. Fundi aje na ngazi yake ya mbao za kupigilia misumari, aonekane mtu wa kujitegemea, na akianguka aanguke kama mtu wa kujitegemea. Ndiyo maana sitegemei kwamba fidia baada ya ajali itawasukuma wakubwa kutoa vifaa kabla yake. Kwa mafundi hawa msukumo wa kweli uko kwenye bei, na unafaa kuandikwa peke yake: rangi kiasi hiki, ufundi kiasi hiki, kufika juu kiasi hiki. Kiasi cha tatu kikiwa na mstari wake, mteja anayepunguza bei anaona anachokipunguza. Kikifichwa ndani ya ufundi, ndicho kinachopotea kwanza, kwa sababu rangi ikipungua itaonekana ukutani, ilhali usalama ukipungua hauonekani hadi siku ya kuanguka.

Atakayesema kwamba fundi hana nguvu ya kuandika mstari huo yuko sahihi kwa nyumba nyingi za watu binafsi. Hapo ningependa mwenye nyumba aanze yeye, aulize fundi atafikaje juu kabla hajauliza atamaliza lini. Lakini kuna mteja mmoja ambaye hana sababu ya kusubiri, naye ni umma. Madarasa na zahanati nyingi Tanzania hujengwa kwa utaratibu wa force account, ambapo kamati ya shule au ya kijiji hununua vifaa yenyewe na kupatana na fundi wa eneo hilo malipo ya ufundi. Kamati hiyo ndiyo inayonunua mirunda ya kushikilia mbao za lenta wakati wa kumwaga zege. Kazi ya rangi huja mwisho, fedha zikiwa zimekaribia kuisha, na mara nyingi mirunda imekwisha kuondolewa saiti wakati fundi rangi anapofika na ngazi yake. Kamati inaweza kuandika katika mapatano kwamba mirunda na mbao hazitoki kwenye eneo la ujenzi hadi mkono wa mwisho wa rangi ukauke, na kwamba kufunga na kufungua jukwaa ni kazi yenye malipo yake. Mbao zimekwisha kulipiwa. Kinachohitajika ni siku za kuzibakiza, na mtu wa kuzifunga upya kimo cha fundi, kuanzia upande wa ukuta ambao ardhi yake imeteremka.